Kipindi cha Kichina kwenye redio ya umma, Mombasa: namna ya kukipanga na kukiendesha

Habari za China wanaozungumza Kichina hapa Mombasa wanazo. Mhandisi anayekaa Miritini akifumbua macho tu ameshasoma kwenye simu yaliyojiri kwao, kwa lugha yake, na video juu. Beijing imetutangulia kwa saa tano: sisi tunapofungua studio saa moja asubuhi, kwao ni saa sita mchana. Huwezi kushindana na simu hiyo, wala huna haja. Asilolijua mhandisi huyo ni kwa nini foleni ya feri ya Likoni leo imefika barabarani, maji ya mfereji yatatoka lini Nyali, na kwa nini wenzake kazini wanaomba kutoka mapema siku za Ramadhani.

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kipindi cha Kichina cha redio ya umma ni kipindi cha Mombasa kinachosemwa kwa Kichina. Nayaandika haya kwa mtayarishaji aliyepewa nusu saa kwa wiki, akaambiwa "tengeneza", akaachwa na dawati na kiti. Mimi ni mtayarishaji, si mtangazaji. Kichina changu ni cha kununulia tofu na kuombea radhi. Kazi hii haikutaki ujue Kichina. Inakutaka uijue Mombasa na ujue kuuliza.

Usidhani wazo hili ni geni. SBS ya Australia, redio ya umma inayotajwa kila yanapozungumzwa matangazo ya lugha nyingi, ilichipukia kwenye vituo viwili vilivyofunguliwa mwaka 1975, 2EA cha Sydney na 3EA cha Melbourne. Kilichovifungulia mlango ni bima ya afya: serikali ilikuwa inaanzisha mpango mpya uitwao Medibank na ikataka wahamiaji waelezwe kwa lugha zao. Nyimbo za nyumbani zilikuja pamoja, lakini bima ndiyo iliyotangulia. Malaysia nako redio ya taifa ina idhaa nzima ya Kichina, Ai FM, inayozungumza na Wamalaysia kuhusu Malaysia.

Tena usikichanganye na idhaa ya CRI. China Radio International imetangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na tangu Januari 2006 ina masafa yake Nairobi, 91.9 FM. Ile ni China ikizungumza na Kenya. Chako kinakwenda njia nyingine: mwenyeji anazungumza na mgeni wake juu ya nyumba ambayo wote wawili wamo ndani. Akija mtu kukupa vipindi vilivyokwisha kutengenezwa, bure, vimehaririwa safi, mshukuru na umrudishie. Jiandae, kwa sababu litakujia.

Kwanza zunguka

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, tembea. Kaa kwenye mikahawa ya Kichina ya Nyali saa za chakula cha mchana. Nenda Miritini, kwenye stesheni ya reli mpya, SGR, iliyofunguliwa 31 Mei 2017, uone nani anashuka. Ulizia kwa mawakala wa meli Kilindini, kwa mahoteli ya Diani, kwa wenye maduka ya vigae na vyuma. Utagundua haraka kwamba hao unaowaita "Wachina" si kundi moja. Yuko wa Sichuan aliyekuja kwa mkataba wa reli, yuko mwanamke wa Fujian mwenye duka na watoto wanaosoma hapa hapa, yuko Mmalaysia mwenye pasipoti tofauti kabisa, yuko wa Taiwan, yuko wa Hong Kong ambaye nyumbani kwao husemwa Kikantoni. Kwa hiyo hewani tunasema "wanaozungumza Kichina", na lugha ya kipindi ni Putonghua, yaani Kichina sanifu, inayosomeshwa mashuleni China bara na ambayo wa Taiwan, Singapore na Malaysia wanaifahamu ingawa kwa lafudhi zao. Usikubali mtangazaji acheke lafudhi ya msikilizaji wa kusini. Huyo hatapiga tena.

Halafu wapo Wakenya. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilifunguliwa 2005, na tangu hapo vijana wengi wamejifunza Kichina, wengine wakaenda kusoma China na kurudi. Hawa ni wasikilizaji wako pia, na katika hao ndimo utakamompata mfanyakazi wako wa kwanza.

Jambo jingine linalosahauliwa hapa kwetu: wako Waislamu wanaozungumza Kichina. Wahui ni jamii kubwa, na hata Zheng He, yule amiri wa majini wa karne ya 15 anayetajwa kila sherehe ya ubalozi, alizaliwa Yunnan katika nyumba ya Kiislamu. Mtu wa namna hiyo akija Mombasa haulizi msikiti ni nini. Anauliza swala ya Ijumaa msikiti wa karibu ni saa ngapi na nyama ya halali inauzwa wapi.

Saa ya kurusha

Uliza swali moja: huyu mtu yuko huru saa ngapi, na simu yake haina kazi saa ngapi? Saa mbili usiku ya Beijing, familia zikiwa zimemaliza kula, ni saa tisa alasiri yetu. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja ndio wakati wa kupigiana simu za video na watoto na wazee. Ukikiweka kipindi chako hapo umeshindana na mama mzazi, na mama mzazi hashindwi. Jioni sana, watu wa zamu wamechoka. Mimi napendelea Jumamosi saa mbili asubuhi, watu wako kwenye gari wanakwenda sokoni au pwani, na marudio Jumapili jioni. Sauti ya kipindi iwekwe pia mtandaoni siku hiyo hiyo, maana wengi hawana redio nyingine isipokuwa ya gari.

Watu watatu, si mmoja

Kosa la vituo vingi ni kumpata dada mmoja anayejua Kichina vizuri, akawa yeye ndiye mtafsiri, mtangazaji, mhariri na mpokea simu. Akiugua, kipindi kimekufa. Akisema jambo lisilofaa, hakuna anayejua mpaka barua ya malalamiko ifike kwa meneja.

Unahitaji mtangazaji ambaye Kichina ni lugha yake ya kuzaliwa au amekisoma hadi kufika huko. Unahitaji mtu wa pili anayekielewa, ikiwezekana Mkenya, ambaye kazi yake ni kusikiliza rekodi nzima kabla haijarushwa na kukusimulia kwa Kiswahili kilichosemwa. Sisi tunamwita sikio la pili. Asisome skripti, asikilize. Skripti huandikwa kitu kimoja na mdomo ukasema kingine, na hilo haliko kwa Kichina peke yake. Wa tatu ni wewe, unayejua sheria za utangazaji na unayejibu barua. Kanuni yangu haijawahi kulegea: hakuna neno linalokwenda hewani ambalo mtu anayewajibika kituoni halijui maana yake. Kwa sababu hiyo anza na vipindi vilivyorekodiwa. Mubashara uje baadaye, mkishazoeana.

Mtangazaji mlipe. Nasema hivi kwa sababu kuna tabia ya kudhani mgeni anajitolea kwa mapenzi. Anayejitolea hukosa siku ambayo unamhitaji zaidi, na huwezi kumgombeza.

Skripti: hapa ndipo kazi ilipo

Urefu kwanza. Kichina hakihesabiwi kwa maneno, huhesabiwa kwa herufi zao. Mtangazaji anayesoma kwa utulivu hupita herufi 220 hadi 250 kwa dakika. Wa taarifa za habari za televisheni huko kwao hukimbia hadi 300, lakini wewe usimkimbize wako. Kwa hiyo habari ya dakika moja ni herufi 230 hivi, na mada ya dakika nne ni chini kidogo ya 1,000. Kiswahili kilekile ulichokiandika kwa dakika moja kitatoka kifupi zaidi kwa Kichina, basi usijaze pengo kwa maneno matupu. Ongeza maelezo. Msikilizaji wa Kiswahili ukimwambia "Kongowea" amekuelewa; msikilizaji huyu mwambie ni soko kubwa la jumla upande wa bara, kaskazini, ukivuka daraja la Nyali.

Hesabu. Hapa ndipo watafsiri wazuri huanguka. Sisi tunahesabu kwa elfu na milioni. Wao hukusanya kwa elfu kumi, wanaita wan, kisha kwa milioni mia moja, wanaita yi. Faini ya mfuko wa plastiki, iliyokuja na marufuku ya 28 Agosti 2017, inafika shilingi milioni 4: kwa Kichina ni wan 400. Reli ya SGR, ambayo gharama yake hutajwa kuwa shilingi bilioni 327, ni yi 3,270. Mtafsiri aliyechoka hubadilisha "milioni" kwa wan na msikilizaji anasikia faini ya elfu arubaini badala ya milioni nne, akafunga virago vyake kwenye mfuko wa plastiki bila wasiwasi. Kila tarakimu kwenye skripti iandikwe mara mbili, kwa sifuri zake zote na kwa wan au yi, na sikio la pili lizikague hizo kabla ya kitu kingine chochote. Usibadilishe shilingi kuwa yuan hewani ila kwa makadirio. Kiwango cha leo si cha kesho.

Saa nazo. Ukiandika "maji yatakatwa saa tatu" mtafsiri asiyekulia hapa atasema saa tatu ya usiku wa manane. Katika hati za kipindi hiki andika 09:00, mtindo wa saa 24, hata kama mdomoni utaendelea kusema saa tatu yako. Watangazaji wangu wa Kichina nawafundisha saa ya Kiswahili wiki ya kwanza, kisha tunaifundisha hewani pia, kwa sababu msikilizaji naye anaahidiwa na fundi wa bomba kwamba atakuja "saa mbili", anamngojea mchana kutwa.

Sauti zinazofanana ni hatari ya Kichina cha redioni kuliko cha gazetini. Gazeti lina herufi, jicho linatofautisha. Sikio halina msaada. Mfano unaonitisha mimi ni wa matangazo ya tahadhari: kuna neno la kimaandishi lenye maana ya "kumbuka sana kufanya" na jingine lenye maana ya "usithubutu kufanya", na yote mawili hutamkwa qieji, kwa toni ile ile. Tangazo la kuogelea baharini kipindi cha mawimbi halivumilii utata huo. Mwagize mtangazaji atumie maneno ya mazungumzo, yale ambayo angemwambia dada yake: usiende, nenda, ngoja. Namba za simu zisomwe moja moja, polepole, mara mbili, na moja isomwe yao, si yi, kama wanavyofanya wenyewe, ili isichanganywe na saba, ambayo ni qi. Dharura 112 inasomwa yao yao er. Mtangazaji wa kusini asiyetenganisha vizuri nne na kumi ajirekodi akisoma bei hadi zitengane.

Majina ya mahali yatengenezee daftari. Mombasa na Nairobi yana herufi zake zilizokubalika, Mengbasa na Neiluobi. Lakini Changamwe? Mtopanga? Kisauni? Kila mtu atayaandika kivyake, na mtangazaji wa wiki hii atataja mahali pasipofanana na pa wiki iliyopita. Kaeni, mkubaliane, andikeni, na hewani mtaje jina la Kichina kisha jina letu kwa matamshi yetu, kwa sababu kondakta wa matatu hatajibu "Mengbasa".

Na majina ya watu: la ukoo hutangulia. Mgeni akiitwa Wang na jina lake likifuata nyuma, ni Bwana Wang kwa Kiswahili na kwa Kichina pia. Mtu mzima hamuiti kwa jina la utotoni mbele ya watu, kama wewe usivyoweza kumuita mzee wa Mji wa Kale kwa jina tupu bila "mzee" au "bwana". Muulize nje ya studio angependa aitweje, uandike.

Nusu saa inavyogawika

Fungua kwa kiashirio kifupi, ule muziki wa kukitambulisha kipindi, kisha nusu dakika ya Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Masafa haya ni ya umma, na mama wa Tudor aliyewasha redio akingojea taarabu ana haki ya kuambiwa anachokisikia, ni cha nani, na kitakwisha saa ngapi. Mwambie pia mada ya leo. Baada ya hapo usimtafsirie sentensi kwa sentensi. Kipindi kinachotafsiriwa kila sentensi huwachosha wote wawili, huyu anangojea zamu yake na yule anangojea yake.

Habari za Mombasa zichukue dakika tano, tano au sita hivi, na za mbali zisizidi moja. Chagua kwa kipimo cha maisha: kaunti imetangaza nini, barabara ipi imefungwa, umeme unazimwa wapi kwa matengenezo, mbu wamezidi wapi. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu, ilipoenea Mombasa, watu walipata homa na maumivu ya viungo wasijue ni nini. Habari ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa kumfikia mtu kwa lugha anayoiota. Utaratibu wa vibali vya kazi na kitambulisho cha wageni ukibadilika, alika afisa wa idara yenyewe aeleze kwa Kiswahili au Kiingereza na mtafsiri juu yake. Usitegemee maneno ya mtaani wala ya wakala anayelipwa kwa kila fomu.

Kisha bahari. Hiki ndicho kipande ninachokipenda, na sijui kwa nini vipindi vingine vya Pwani havina. Kalenda ya zamani ya Kichina hufuata mwezi, kama ya Kiislamu: tarehe mosi ni mwezi mpya, tarehe kumi na tano ni mwezi mpevu. Wavuvi wetu wanajua kwamba siku hizo na moja mbili baada yake ndio wakati wa bamvua, maji yakijaa hujaa kweli na yakipwa hupwa hadi mwamba unatokeza, tofauti ya zaidi ya mita 3. Mzee wa Guangdong ukimwambia "leo ni tarehe 16 ya mwezi wa nane" ameshajua nusu ya habari. Mpe saa za maji kupwa na kujaa, na umwonye: watu hutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamepwa, wakipiga picha za samaki nyota, na maji yakirudi hurudi kwa kuwazunguka nyuma. Taja pepo za kaskazi na kusi zinapobadilishana, na masika yanapokaribia.

Ukishaijua kalenda hiyo itakusaidia kupanga mwaka mzima. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, kwa kuwa wao huongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache ili wasiiache misimu. Kalenda ya Kiislamu haiongezi, ndiyo maana Ramadhani huwahi kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2026 Mwaka Mpya wao ni 17 Februari na mwezi wa Ramadhani unaandama papo hapo nyuma yake. Mwaka wa namna hiyo, kipindi kimoja kinaweza kueleza kwa nini kiwandani huyu anaomba likizo na yule anaomba kutoka kabla ya magharibi.

Mada ya dakika kumi iwe moja, na iwe na mahali. Wapeleke sokoni. Bei za Marikiti na Kongowea zitajwe kwa kilo na kwa jin, ambayo ni nusu kilo, kipimo wanachopimia mboga kwao. Mpe msikilizaji maneno matano ya Kiswahili ya kutumia palepale: shilingi ngapi, punguza kidogo, nipe nusu kilo, asante mama, kesho nitarudi. Muuza mchicha arekodiwe akiyasema mwenyewe, kwa sauti yake ya kuita wateja, siyo ya studio. Na mkirekodi Mji wa Kale, angalieni saa. Adhana ikianza, simamisheni mahojiano na mngoje iishe. Adhana iliyokatwa katikati na mhariri ni adabu mbaya, na haijalishi kipindi ni cha lugha gani.

Kuhusu Zheng He: mara moja kwa mwaka yatosha. Twiga wa Malindi aliyepelekwa China 1415 ni kisa kizuri, lakini kila mgeni wa heshima amekisikia, na ukianza nacho kila mahojiano utapata majibu yale yale. Ukitaka historia, nenda na kinasa sauti hadi makumbusho ya Fort Jesus, simama mbele ya sahani na mabakuli ya Kichina yaliyochimbwa Pwani hii, umwache msikilizaji mmoja aliyetoka mji wa wafinyanzi aseme anaona nini. Au Mambrui, kwenye kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli. Huko ndiko wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikookota sarafu ya Yongle, mfalme wa China wa zama za Zheng He, mwaka 2010.

Sehemu ya salamu usiiache. Sisi tuliolelewa na redio ya taifa tunajua kadi za salamu: mtu anamsalimu shemeji yake Taveta na majina kumi mengine, nchi nzima inasikiliza. Wenzetu hawa hawakuwa na kadi zetu, lakini wana WeChat, na ujumbe wa sauti wa WeChat hauzidi sekunde 60. Mungu akupe nini tena? Fungua kundi la wasikilizaji, kundi moja hupokea hadi watu 500, waambie watume salamu: jina la ukoo tu, mahali walipo, wanamsalimu nani. Sauti ya WeChat huwa imebanwa, haina mwili. Ukitaka iliyo safi mwombe ajirekodi kwa kinasa cha simu na atume faili. Kabla ya kuitumia, muombe ruhusa kwa maandishi, na jibu ulihifadhi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na mfanyakazi wa kampuni akisikika hewani bila idhini yake anaweza kupata taabu na mwajiri. Malalamiko yakiingia kwenye kundi, na yataingia, usiyarushe kama salamu. Yafuatilie kama habari.

Fedha, kampuni na ubalozi

Kampuni zitakuja. Zina pesa na zina picha nzuri za madaraja. Tangazo la biashara lipokee kwa utaratibu wa kituo na liitwe tangazo. Kampuni isilipie kipande kinachoihusu yenyewe, wala isichague maswali. Reli ikitajwa, deni lake litajwe pia, na Wakenya walioajiriwa waulizwe kama wasimamizi wanavyoulizwa. Kesi ya pembe za ndovu ikiwa mahakamani, isome kama unavyosoma kesi yoyote, bila kuongeza na bila kupunguza, kwa sababu msikilizaji wako mwaminifu ataisikia kwingine ikiwa na chumvi. Vilevile usiruhusu kipindi kiwe mahali pa kuwatukana watu ambao jirani zao hawaelewi wanachosemwa. Mambo ya Taiwan na Hong Kong yataletwa na wapigaji. Mtangazaji awe na sentensi tayari: kipindi hiki ni cha Mombasa, tuendelee. Asiwe na upande hewani.

Muziki

Wimbo mmoja, wawili kwa wingi. Mmoja wa Kichina: Teresa Teng hupendwa na wa bara, wa Taiwan na wa Malaysia kwa pamoja, nadra kupata mwingine wa namna hiyo kwa wenye umri, vijana waache wachague wenyewe kwenye kundi. Wa pili uwe wa kwetu. Jaribu taarabu ya Zuhura Swaleh yenye tashkota, ala ya nyuzi yenye vitufe. Chombo hicho asili yake ni Japani, lakini China nako kina ndugu yake aitwaye fenghuangqin, na nimeona watu wazima wakiinua vichwa kinapoanza kulia. Orodha ya nyimbo zilizochezwa andikeni kwa ajili ya mirabaha, kwa herufi za Kilatini pia, la sivyo karani atairudisha.

Matangazo ya dharura

Haya yarekodiwe mapema, siku ambayo hakuna dharura. Feri kusimama, mafuriko, maji yasiyofaa kunywa, moto sokoni, kuchelewa kwa uchaguzi au mkutano unaofunga barabara: kila moja sekunde 30, sauti ya mtangazaji yule yule wanayemjua, na nafasi iliyoachwa wazi ya kuingiza mahali na saa. Majina ya mahali na saa kumi na mbili za mchana na za usiku yarekodiwe moja moja kando. Fundi mitambo wa zamu ya usiku hajui Kichina na mtangazaji wako atakuwa amelala, kwa hiyo kwenye jina la kila faili andika kwa Kiswahili inasema nini, sekunde ngapi, na nani amethibitisha. Bandika orodha hiyo ukutani karibu na mitambo, na namba ya sikio la pili chini yake.